Walioomba Kibali Ndio Wanaokipinga

Mwaka 2011 halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha bei ya kibali cha mkazi kuegesha gari mtaani kwake kutoka pauni 40 kwa mwaka hadi pauni 100. Vocha ya mgeni, ile anayoinunua mwenyeji ili anayemtembelea naye apate kuegesha, ikatoka pauni 1 hadi pauni 4. Wakazi wakacharuka, na mmoja wao akaenda mahakamani. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba lile ongezeko halikuwa halali.

Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na inanisumbua. Kazi yangu ni mipango ya miji, na msimamo wangu kuhusu magari haufichiki: gari likilala barabarani limekalia ardhi ya umma, na anayekalia ardhi ya umma alipe. Pauni 100 kwa mwaka ni peni 27 kwa siku. Kwa kipande cha ardhi chenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 5 hivi, katika mji wenye kodi za nyumba kama London, hiyo si bei, ni bakshishi. Kwa hesabu hiyo wakazi wa Barnet walipaswa kushindwa. Walishinda, na kila nikirudi kwenye hoja zao naona walistahili kushinda.

Kosa la watu wa fani yangu ni kudhani kwamba mkazi anayepinga kibali cha kulipia anapinga bei. Tunamletea hesabu za peni kwa siku, yeye anazungumzia ahadi.

Kibali cha mkazi hakikuzaliwa kama tozo. Kilizaliwa kama ngao. Chukua mtaa wowote wa nyumba zilizo karibu na stesheni ya treni za chini ya ardhi. Mfanyakazi wa mbali anaendesha hadi hapo saa 1 asubuhi, anaacha gari mlangoni kwa mtu asiyemjua, anapanda treni kwenda mjini, anarudi jioni kulichukua. Mwenye nyumba akienda sokoni na kurudi, anakuta pake pamekaliwa. Ndipo majirani wanapoandika barua na kuzitia saini, wakiiomba halmashauri ichore mistari na kuweka sheria: saa fulani hadi saa fulani, wenye kibali tu. Ada ndogo inayotozwa ni ya kuchapisha vibali, kuchora mistari na kumlipa mkaguzi. Wakazi wanaikubali kama wanavyokubali kuchangia mlinzi wa mtaa.

Marekani jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu. Katika Arlington, Virginia, mtaa wa Aurora Highlands umepakana na ofisi za Crystal City, na wafanyakazi wa ofisi hizo walikuwa wakiujaza magari kila siku ya kazi. Serikali ya mitaa ikawazuia wasio wakazi kuegesha hapo mchana. Wafanyakazi wakashtaki kwamba wanabaguliwa: barabara ni ya wote, kwa nini wenye nyumba wapewe haki ambayo sisi tunanyimwa? Oktoba 1977 mahakama ikaupitisha utaratibu ule. Majaji waliona kwamba mji una sababu halali ya kupunguza kelele, moshi na msongamano katika mitaa ya makazi, na kwamba kumtofautisha mkazi na mpita njia kwa lengo hilo si ubaguzi uliokatazwa.

Tazama nani alikuwa upande gani. Wakazi ndio waliotetewa, na wapinzani walikuwa watu wa nje. Miongo mitatu na ushei baadaye, huko Barnet, mkazi yuleyule aliyeomba ngao ndiye anayesimama mahakamani kuilalamikia. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni kazi ya kile kibali.

Halmashauri za Uingereza ziliingia muongo wa 2010 zikiwa na mifuko iliyotoboka. Ruzuku ya serikali kuu ilikatwa mwaka hadi mwaka, na kodi ya halmashauri, inayolipwa na kila kaya, haipandishwi ovyo. Ina mipaka, na ina adhabu yake kwenye sanduku la kura. Ukiwa mhasibu katika hali hiyo, unaangalia kushoto na kulia kutafuta pesa ambayo haiitwi kodi. Kibali cha maegesho kiko palepale. Wanaokihitaji wanajulikana kwa majina na namba za magari, hawana pa kukimbilia, na hawawezi kuliweka gari chumbani.

Barnet iliweka wazi ilichokusudia: ziada itakayopatikana isaidie kulipia matengenezo ya barabara, nauli za bure na za punguzo kwa wazee na walemavu, na matumizi mengine ya usafiri. Matumizi mazuri yote hayo. Hakuna aliyesema pesa zingeliwa. Hapo ndipo kesi inapokuwa tamu kwa mtu anayependa kuona sheria ikitafakari.

Sheria yenyewe ni ya 1984, ile inayosimamia mwendo wa magari barabarani. Inazipa halmashauri uwezo wa kutenga maeneo ya kuegesha na kutoza ada. Inazitaka zitumie uwezo huo kuhakikisha magari na watu wanapita kwa urahisi na usalama, na kwamba maegesho ya kutosha yapo. Inakwenda mbali zaidi: inaeleza ziada ikipatikana itumike wapi, na miongoni mwa matumizi hayo kuna barabara na usafiri wa umma. Halmashauri ikasema, basi, ikiwa sheria imetuambia ziada tuitumieje, inajua ziada itakuwapo. Tatizo liko wapi?

Jaji akasema tatizo liko kwenye nia. Kupata ziada si kosa. Kupanga bei ili upate ziada ndilo kosa, kwa kuwa sheria ile si sheria ya kukusanya mapato. Mvuvi aliyetega changu akapata na kibua halaumiwi. Lakini mwenye leseni ya changu akitega makusudi ili avue kibua, leseni yake imetumika mahali pasipo pake. Msimamo huu haukuwa mpya. Mwaka 1995, katika kesi kuhusu eneo la Camden, mahakama ilikuwa imekwisha kusema kwamba sheria ya 1984 haikutungwa kwa ajili ya kuongeza mapato. Barnet iliisoma sheria vibaya, na tena iliandika nia yake kwenye karatasi.

Nadhani huko mahakamani ndiko wakazi walikopata lugha ya kusema kile walichokuwa wakikihisi tangu mwanzo. Kodi ni mchango wa wote kwa mambo ya wote, na hupangiwi kwa kuwa una gari na huna uwanja. Ada ni malipo ya huduma. Ukichukua ada ya huduma ukaigeuza kodi kimyakimya, umewachagua watu wachache kulipia matengenezo ya barabara za mji mzima kwa sababu tu nyumba zao zimejengwa karibu na stesheni. Jirani wa mtaa wa tatu, asiye na mistari mlangoni, ana magari mawili na halipi hata peni.

Si kwamba kila wanalosema wapinzani lina mashiko. Lipo moja linalorudiwa katika kila mkutano wa hadhara Uingereza: "Mimi nalipa kodi ya barabara, kwa nini nilipie tena?" Kodi hiyo ya gari ilimezwa na mfuko mkuu wa serikali tangu 1937, jina limebaki midomoni mwa watu kama jina la duka lililofungwa zamani. Barabara ya mtaa inatengenezwa kwa kiasi kikubwa na fedha za halmashauri, na mchangiaji wake ni pamoja na asiye na gari. Hao si wachache: kwa sensa ya 2021, kaya zipatazo asilimia 42 za London hazikuwa na gari. Anayesema barabara ni yake kwa kuwa ana gari amewasahau majirani karibu nusu.

Hoja ya vocha ya mgeni ni habari nyingine kabisa, na nashangaa inavyopitiwa haraka. Niliwahi kukaa kwa binamu yangu kaskazini mwa London wiki moja, na nikaonyeshwa kijitabu cha vocha kikihifadhiwa kwenye droo moja na pasi za kusafiria. Unakwangua mwaka, mwezi na tarehe kama tulivyokuwa tukikwangua vocha za simu, kisha unaiweka kwenye dashibodi. Ukikosea tarehe, vocha imekufa. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo mgeni akija, mwenyeji anahesabu vilivyobaki kwenye droo.

Piga hesabu ya mzee anayeishi peke yake, ambaye binti yake anaendesha kuja kumwangalia mara tatu kwa wiki. Kwa vocha ya pauni 1 ni pauni 156 kwa mwaka. Kwa vocha ya pauni 4 ni pauni 624. Mzee huyo pengine hana gari lake mwenyewe. Hatumii nafasi usiku, hachangii msongamano wa asubuhi, na bado analipa zaidi ya mara sita ya jirani mwenye kibali cha gari zima. Wanaopanga ada huanza na gari kwa sababu gari linaonekana. Anayeumia yuko ndani, anamngoja mtu. Kupanda kutoka pauni 40 hadi 100 kulileta vichwa vya habari, lakini ningekuwa mkazi wa mtaa ule ningepeleka mahakamani vocha kwanza.

Na kibali chenyewe hakikupi nafasi. Kinakupa ruhusa ya kuitafuta. Halmashauri inaweza kuuza vibali vingi kuliko nafasi zilizochorwa, na mara nyingi hufanya hivyo, kwa kuwa si kila gari linakuwa nyumbani kwa wakati mmoja. Mkazi anayerudi saa 4 usiku, akazunguka mtaa mara tano na kuishia kuegesha mtaa wa pili, anaambiwa amenunua haki ya kujaribu. Uza tiketi za basi kwa mtindo huo uone abiria watakufanya nini.

Japani waliukwepa ugomvi huu kwa kuuanzia mwanzoni. Kwa sheria iliyoanza 1962, anayetaka kusajili gari lazima aonyeshe kwamba ana mahali pa kuliweka, nje ya barabara, karibu na nyumbani. Siku hizi umbali usiozidi kilomita 2. Asiye na mahali hasajili. Huko sheria haikuiacha barabara iwe chumba cha kulala cha magari, kwa hiyo mazoea ya bure hayakuota mizizi. London ilianza kutoza kwa mita mtaani Mayfair mwaka 1958, wakati magari yalikwisha kuzoea. Kumtoza mtu kitu alichokizoea bure ni kazi ngumu kuliko kumkataza kitu ambacho hajawahi kukipata, na mwanasiasa yeyote anayejua hilo hachezi nacho mwaka wa uchaguzi.

Richmond, kusini-magharibi mwa London, wanalijua. Mwaka 2007 halmashauri yake ilianza kupanga bei ya kibali kwa kiasi cha hewa ya ukaa gari linachotoa: gari lenye moshi mwingi zaidi pauni 300 kwa mwaka, na la pili katika kaya nusu ya ziada juu yake. Walikuwa wa kwanza, wakasifiwa hadi nje ya nchi. Mwaka 2010 wapinzani wa mpango huo walishinda uchaguzi wa halmashauri, wakaufuta.

Wazo halikufa, na hapa ndipo ushindi wa Barnet unaponitia shaka. Baada ya 2013 halmashauri kadhaa za London zimepanga vibali kwa moshi wa gari, na baadhi zimeongeza tozo kwa magari ya dizeli. Sababu inayoandikwa ni hewa safi. Naamini kwa sehemu kubwa ni kweli. Hewa ya London imeua watu na ushahidi upo. Lakini ukishaambiwa na mahakama kwamba kosa ni kuandika "mapato" kwenye muhtasari wa kikao, utajifunza nini kwanza: kutotafuta mapato, au kutoandika? Kipimo changu ni cha kishamba kidogo. Ada iliyowekwa kwa ajili ya moshi inatarajiwa ipungue mapato yake kadiri watu wanavyobadili magari. Halmashauri ikiona magari safi yameongezeka, mapato yameshuka, nayo ikapandisha bei ya magari safi ili kufidia, basi nia imejitaja yenyewe.

Paris walilipeleka swali kwa wapiga kura, tarehe 4 Februari 2024: magari makubwa ya wageni yatozwe mara tatu, euro 18 kwa saa katikati ya mji? Asilimia 54 na ushei walisema ndiyo. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 6 tu. Na mkazi mwenye kibali hakuguswa na bei ile. Simlaumu mpiga kura wa Paris. Ukiulizwa kama jirani wa mbali alipe zaidi, jibu linakuja upesi. Ila usiutumie mfano huo kuonyesha kwamba wakazi wamekubali kulipia maegesho. Wamekubali wengine walipe, ambalo ndilo walilokubali wale wa Arlington.

Mfano ninaoutumia darasani unatoka Pasadena, California. Mji ulitaka kuweka mita za maegesho katika mtaa wa kale wa biashara, Old Pasadena, uliokuwa umechakaa. Wenye maduka walipinga kwa miaka miwili, kwa hofu kwamba wateja wangekimbilia kwenye maduka makubwa yenye maegesho ya bure. Mwishowe mji ukatoa pendekezo jingine: kila dola itakayokusanywa hapa itatumika hapa. Upinzani ukayeyuka. Mita zikawekwa 1993, dola 1 kwa saa, na pesa zikaenda kwenye njia za waenda kwa miguu, taa, miti na usafi wa mtaa uleule. Donald Shoup, mwanauchumi wa Los Angeles aliyefariki 2025 na ambaye kitabu chake cha 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure kimesomwa na kila mtu wa fani yetu, aliufanya mtaa huo kuwa nguzo ya hoja yake: toza bei inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa, kisha rudisha pesa pale zilipotoka, machoni pa waliolipa.

Watu wa fani yetu huikumbuka nusu ya kwanza ya Shoup, ya bei, na kuisahau ya pili.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuona haya ni mambo ya Wazungu na bustani zao. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 209, inaitenga kodi na ada kwa ukali kuliko hiyo sheria ya Uingereza: kaunti ina kodi chache ilizopewa, na nje ya hizo inaweza kutoza malipo ya huduma inayoitoa. Ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kaunti ya Kiambu ilijifunza kwa maumivu, Aprili 2014, Mahakama Kuu ilipoibatilisha sheria yake ya fedha ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mwenye gari katikati ya Nairobi anayelipia maegesho ya siku ana haki ya kuuliza swali lilelile la Barnet: hii ni malipo ya huduma gani, na mlituuliza lini?

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, na Uingereza yenyewe haijalijibu vizuri. Halmashauri ikitaka kuanzisha eneo la vibali, lazima itangaze, na mkazi ana siku 21 za kuandika pingamizi. Tangazo hufungwa kwenye nguzo za taa ndani ya mfuko wa plastiki. Watu huandika kweli. Mtaa ukikataa, mistari inachorwa mtaa wa jirani. Magari yaliyofukuzwa huko yanahamia kwenye mtaa uliokataa. Baada ya mwaka mmoja waliopinga wanaleta barua nyingine wakiomba nao wapewe vibali. Nimeona wapangaji wa miji wakizichora ramani hizi zikitambaa kutoka stesheni kwenda nje, mtaa baada ya mtaa, kila mmoja ukisukumwa na uliotangulia, na kwenye takwimu wote wanahesabiwa kuwa wameomba kwa hiari.

Lakini bei ikishapangwa ndani ya utaratibu, kuipandisha hakuhitaji safari ile. Sheria inaruhusu ada zibadilishwe kwa taarifa tu. Taarifa nayo inatolewa siku 21 kabla, katika gazeti la eneo, kwa maandishi madogo: kibali kilikuwa kiasi hiki, kuanzia tarehe hii kitakuwa kiasi kile. Ukilisoma tangazo la kuanzisha eneo utakuta chini yake mahali pa kupeleka pingamizi. Kwenye taarifa ya kupandisha bei, mahali hapo hapapo.